Macho ya Fundi Sakhidad

Habari ya kwamba baba yake anataka kuoa, Anargul hakuisikia kinywani mwa baba yake. Aliisikia kwa shangazi yake, Zevar, asubuhi moja wakiwa wamechuchumaa kwenye tanuri, mmoja akibandika mikate na mwenzake akiibandua. Shangazi alianza kwa kuusifu unga. Akaisifu na hali ya hewa, kwamba baridi ya mwaka huu imechelewa na viazi vitachimbwa kwa raha. Anargul akajua hapo pana jambo, kwa sababu shangazi yake hakuwa mtu wa kusifu kitu bure.

"Ni mjane," shangazi akasema hatimaye. "Dada yake Khadim seremala. Jina lake Sabira. Ametoka kwao Jaghori, sasa anakaa kwa kaka yake. Mtu wa heshima zake, hana mtoto. Baba yako amekwisha kwenda kunywa chai pale kwao."

"Jaghori," Anargul akasema. "Jaghori ya Ghazni."

"Kwani kuna nyingine?"

Anargul akaubandika vibaya mkate uliofuata, ukateleza ukaangukia makaa. Shangazi aliutazama ukiungua, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakulalamikia unga uliopotea.

Katika bonde zima la Bamiyan hakuna mtu ambaye angesikia kwamba mgane mwenye binti anaoa mke wa kutoka Ghazni, asikikumbuke kisa cha Gholghola. Kilima chenyewe kilikuwa pale pale, ng'ambo ya mashamba ya viazi, na kuta zake za udongo zilizomomonyoka zimesimama juu yake kama meno ya mzee. Wenyeji husimulia kwamba Wamongoli walipouzingira mji ule walikaa chini ya ngome siku nyingi wakashindwa kuingia, maana waliokuwa ndani walikuwa na maji yao ya siri. Mfalme wa mji alikuwa amefiwa na mke, naye alikuwa na binti aliyempenda kama roho yake. Kisha mfalme akaoa bibi kutoka Ghazni. Binti akachukia, akahama nyumbani kwa baba, na kwa hasira zake akafunga ujumbe kwenye mshale akawarushia adui, akiwaelekeza maji yanakotokea. Wamongoli wakaiziba chemchemi. Mji ukaanguka, na hawakumbakiza humo hata paka. Binti naye wakamwua, wakisema aliyemsaliti babaye hawezi kuwafaa wageni. Tangu hapo mji ukaitwa Gholghola, ndiyo kusema Mji wa Mayowe.

Na ni juu ya kilima hicho baba yake Anargul alikopata riziki yake. Fundi Sakhidad alikuwa mwashi wa udongo. Zamani, wakati wa vita, hakuna aliyethubutu kukanyaga kule kwa ajili ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mabomu yalipokwisha kuteguliwa, mawe yakapakwa rangi nyeupe kuonyesha mahali palipo salama, akaja injinia kutoka Kabul na kikosi cha mafundi, kazi yao kuzishikiza zile kuta zisiendelee kulika na mvua na theluji. Sakhidad akawa mkubwa wa mafundi. Mkate wao wa mchana aliuoka Anargul, akaupandisha kilimani mwenyewe ukiwa moto, umefungwa kwenye nguo.

Mama yake, Gulbakht, alifariki majira ya baridi moja, barabara ikiwa imezibwa na theluji na gari halipiti. Tangu siku hiyo Anargul ndiye aliyekuwa mama wa nyumba. Wachumba walikuja. Wa kwanza alimkataa kwa sababu baba alikuwa bado na msiba. Wa pili alimkataa kwa mazoea tu. Wa mwisho, aliyekuwa kijana mwema wa Yakawlang mwenye meno mazuri, alimkataa kwa sababu ya macho ya baba yake. Kwa sababu hiyo hiyo aliiacha na nafasi ya kusomea ukunga pale mjini, ambayo jina lake lilikuwa limeshapita.

Habari ya macho hakuna aliyeijua. Ilianza polepole, kama chumvi inavyopungua mtungini. Siku moja baba alimimina chai nje ya kikombe. Siku nyingine alimsalimia kwa heshima zote mbuzi wa jirani. Anargul hakuuliza, na baba hakusema. Binti akaanza tu kuviweka viatu vya baba mahali pale pale, kikombe upande wa kulia, na wakitembea pamoja akiona mtu anakuja husema kwa sauti, kana kwamba ni yeye anayefurahi kumwona, "Kumbe kaka Chaman huyo anakuja!" Baba naye hujibu, "Namwona," kisha humsalimia Chaman kwa jina. Walikwenda hivyo muda mrefu, na jambo lenyewe halikutajwa hata siku moja. Palikuwa na utamu fulani ndani yake. Anargul alijua ni yeye peke yake duniani anayeweza kuifanya kazi ile.

Na sasa aje mwanamke wa Jaghori.

Jioni ile alimtengea baba yake chakula, viazi na maziwa yaliyokaushwa kisha yakayeyushwa majini. Baba alikula taratibu.

"Shangazi yako amekwambia," akasema.

"Ameniambia."

"Basi."

"Basi."

Hawakuzidisha neno. Kesho yake Anargul alifunga godoro lake akalibeba hadi kwa shangazi, juu ya mteremko ng'ambo ya mfereji. Alisema anakwenda kumsaidia shangazi na viazi. Shangazi hakuwa na viazi vya kumshinda mtu, lakini alimpokea.

Kule kilimani utani haukuchelewa. Chaman, aliyekuwa akibeba matofali kwa punda wake na kubeba maneno kwa mdomo wake, alisimama katikati ya magofu akatangaza kwamba binti amehama ngome, kila mtu ajitafutie ngao. Akamwuliza Fundi Sakhidad kama ameificha vizuri chemchemi. Mafundi wakacheka. Sakhidad naye akacheka, ila alichelewa kidogo, na kicheko chake kilikwisha kabla ya vya wenzake. Anargul alipofika na mikate, Chaman akainua mikono juu na kumwomba asipige mshale, kwani yeye ana watoto wadogo. Anargul akamwambia mshale ni ghali, kwa mtu kama yeye jiwe linatosha. Hapo wakacheka zaidi, na mambo yakaonekana kwamba yatakwenda kama yanavyokwenda siku zote, kila mmoja atanuna hadi achoke.

Lakini siku chache baadaye Khadim seremala alimngoja njiani.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na ndiye aliyeyafunga majukwaa ya miti ambayo mafundi walisimama juu yake. Alimsalimia, akamwuliza hali ya shangazi, akavigeuzageuza viganja vyake kama anayetafuta mwiba.

"Dada Anargul, unisamehe," akasema. "Sabira hana baba. Siku ya kiyama nitaulizwa mimi nilimpeleka kwa nani. Kila ninayemwuliza ananisifia baba yako. Lakini hao hawalali nyumbani kwake. Wewe ndiye unayemjua. Kuna jambo ninalopaswa kulijua?"

Anargul angeweza kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Akamtazama Khadim, mtu mzima aliyeinama mbele yake kwa adabu, akamwona nyuma yake mwanamke asiyemjua akikiweka kikombe cha baba upande wa kulia.

"Haoni," akasema. "Jicho la kushoto limekufa. La kulia anaona kama mtu aliye ndani ya moshi."

Angeweza kuishia hapo. Akaendelea. Akamweleza kwamba matofali baba huyapanga kwa kuyapapasa, kwamba majuzi alikanyaga ukingo kabisa wa jukwaa na Chaman akadhani anafanya mchezo, kwamba mambo haya si ya jana wala juzi. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, imetulia, kama ya mtu anayemwelekeza msafiri njia. Khadim alisikiliza hadi mwisho, akaweka mkono kifuani, akamshukuru. Shukrani ile ilimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma.

Alishuka kilima huku akijiambia kwamba ameokoa maisha ya mtu. Na ilikuwa kweli. Mwashi asiyeona, juu ya ukuta mrefu vile, siku yake ingefika tu. Alijirudia ukweli huo njia nzima, na kila alipojirudia aliuona unapwaya, kama nguo ya mtu mwingine.

Siku iliyofuata, akiwa juu ya paa bapa la nyumba ya shangazi anaanua nguo, alimwona baba yake anashuka Gholghola kabla ya adhuhuri. Mtu hashuki Gholghola wakati huo ila awe mgonjwa au awe ameambiwa ashuke. Alikuja peke yake, na kwa mbali alionekana mdogo. Alipita kwenye mashamba kwa kufuata kingo, akafika kwenye mfereji, mahali ambapo daraja lilikuwa gogo moja tu la mti. Pale siku zote alivuka akiwa nyuma ya mtu. Akatanguliza mguu, akapapasa. Akaurudisha. Akasogea hatua moja upande, akapapasa tena, kisha akaukanyaga utupu akaingia majini hadi magotini.

Anargul alizitupa nguo akakimbia.

Alipofika, baba alikuwa ameshatoka, ameketi kwenye ukingo anakamua suruali. Alisikia vishindo akageuza uso, lakini aliugeuza upande usiokuwa na mtu.

"Nani?" akauliza.

Anargul alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. "Mimi, Baba."

Baba akaendelea kukamua. Maji ya mfereji ule hutoka kwenye theluji ya milima ya Koh-e Baba, na vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi.

"Injinia ameniambia kwa adabu sana," akasema. "Anaogopa nitaanguka. Nikamwuliza kaambiwa na nani. Akasema Khadim. Nikamwuliza Khadim kaambiwa na nani. Khadim akanyamaza." Akavaa kiatu. "Ule unyamavu hauhitaji macho."

Anargul alingoja kukaripiwa. Alitamani kukaripiwa. Baba akasimama, akaanza kwenda, na yeye akamfuata nyuma hadi nyumbani, hatua kwa hatua. Mlangoni baba aligeuka.

"Rudi kwa shangazi yako," akasema. "Usimwachie kazi peke yake."

Akaufunga mlango polepole. Angeubamiza, ingekuwa afadhali.

Shangazi Zevar alipopata habari alitikisa kichwa, akasema kikulacho ki nguoni mwako, kisha akamtilia chai na kumfunika blanketi, kana kwamba aliyetumbukia majini ni Anargul. Kule kilimani hali ilikuwa mbaya zaidi. Alipopandisha mikate kesho yake, Chaman aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante dada, akainamisha macho. Hakuna aliyetaja mshale. Hakuna aliyetaja chemchemi. Utani ulipokoma ndipo Anargul alipofahamu uzito wa alichokifanya, kwa maana watu hawamtanii mtu kwa jambo alilolifanya kweli.

Uchimbaji wa viazi ulikuwa umeanza. Anargul aliingia shambani kwa shangazi na jembe, akachimba kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Alikuwa huko, amepiga magoti katika mtaro, siku ambayo mwanamke mmoja alikuja kwa njia ya mfereji, akavuka lile gogo bila kulitazama, akapandisha pindo la nguo yake, akapiga magoti mtaro wa pili na kuanza kuviokota viazi. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka kwa baridi. Lafudhi yake ilimtambulisha kabla hajajitambulisha.

"Mimi ni Sabira," akasema. "Endelea tu. Nazungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi."

Anargul akaendelea. Walikwenda sambamba hadi karibu na mwisho wa mtaro.

"Yale uliyomwambia kaka yangu," Sabira akasema, "uliyasema kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Anargul aliyashika mashina ya viazi yaliyokauka, akayavuta. Angeweza kujitetea. Utetezi alikuwa nao tayari, ameushona siku zote hizo.

"Kwa ajili yangu," akasema.

"Afadhali. Ungeniambia ni kwa ajili yangu, ningesimama nikaenda zangu." Sabira alikipangusa kiazi kwa kidole gumba, akakitupia kwenye gunia. "Basi na mimi nikwambie. Nilijua. Siku ya kwanza aliyokuja kunywa chai, kaka yangu alimsogezea kisahani cha sukari, naye akachukua kipande akakiweka mezani kando ya kikombe, akakoroga chai tupu. Akainywa yote. Akasema tamu."

Anargul alitaka kucheka.

"Na hukumwambia kaka yako?"

"Nimwambie nini? Kaka yangu ni mtu mzuri, lakini akipata siri haimkai mdomoni. Nilikuwa nangoja mwenyewe aniambie. Mwanamume mzima, mficha maradhi, hajui kwamba kifo kitamwumbua." Akaokota kiazi kingine. "Mume wangu wa kwanza alikuwa na macho kama ya mwewe. Alimwona kondoo wake kutoka mlima wa pili. Mimi nilikuwa jikoni kwake, na mpaka anakufa hakuniona. Baba yako siku ile aliniuliza kama huku baridi hainisumbui. Hakuwa ananitazama, maana hawezi. Lakini alingoja jibu."

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kwenye majabali, na majani makavu ya viazi yakawa yanakwaruzana. Sabira akainuka, akajinyoosha kiuno.

"Nitaolewa naye akinitaka bado," akasema. "Hiyo si ya kukuomba ruhusa, mimi si mtoto. Nililokuja kukuuliza ni jingine. Wewe utakaa kwa shangazi yako mpaka lini?"

"Sijui."

"Shangazi yako anasema uliitwa shule ya ukunga."

"Shangazi yangu anasema mengi."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Sikwenda."

Sabira alimtazama kwa muda. Hakumwuliza kwa nini. Alimwambia tu kwamba kwao Jaghori alizika mtoto na nusura azikwe naye, kwa sababu mkunga alikuwa mbali, na kwamba yeye angekuwa na mahali pa kwenda kusomea kitu kama hicho, asingekaa kuhesabu vikombe vya mtu. Halafu akainama akaendelea na viazi, na hadi gunia lilipojaa hawakuzungumza tena ila juu ya viazi.

Anargul alikaa na maneno hayo. Kilichomuuma si kwamba yalikuwa makali. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka yote aliyasingizia macho ya baba yake, na macho yenyewe hayakuwahi kumkataza kwenda popote. Yalimpa pa kukaa. Na mtu akiwa na pa kukaa haulizwi anakwenda wapi.

Baba yake, kwa upande wake, hakukubali kukaa nyumbani. Injinia alimkataza kupanda jukwaani, lakini hakumkataza kilima. Basi Sakhidad alishuka kwenye shimo la udongo chini ya ngome, akavua viatu, akaanza kukanyaga udongo uliochanganywa na makapi ya ngano, kazi wanayopewa wanaoanza. Mwanzoni mafundi waliona haya, mkubwa wao kuwa shimoni. Yeye hakuona. Akawaambia hata udongo unataka mtu mzima. Asubuhi alisindikizwa na Chaman, aliyejifanya njia yao ni moja, na punda wake alikuwa akizungushwa nusu ya bonde kwa ajili ya uongo huo.

Anargul alimkuta pale siku aliyokata shauri kuzungumza. Mafundi wengine walikuwa juu, wanakula. Alitelemka na mkate mmoja aliouweka kando, akaketi ukingoni mwa shimo.

"Baba, ni mimi."

"Najua. Mkate unanukia kabla yako." Sakhidad hakuacha kukanyaga. Udongo ulimfika nusu ya miguu, ukitoa sauti ya kunyonya kila alipoinua mguu.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa kusema kweli?"

"Kwa nilivyoisema."

Baba akakanyaga, akageuka, akarudi. Juu yao ukuta wa ngome ulikuwa umeshikizwa na matofali mapya, ya rangi ya asali, na ya zamani juu yake yalikuwa ya rangi ya majivu. Mtu mwenye macho angeyaona yalipokutana.

"Babu yangu," Sakhidad akasema, "hakupita chini ya kilima hiki bila kumlaani yule binti wa mfalme. Kila safari. Na baba yangu vile vile. Mimi nimefanya kazi humu ndani, nimeshika vyumba vyao kwa mikono hii, nikawa najiuliza swali moja. Yule mfalme, kabla hajaleta mke kutoka Ghazni, alimwita binti yake akamweleza? Alimwuliza chochote? Kisa hakisemi. Kinasema alimpenda kama roho yake, basi. Kisha kinakwenda kwenye mshale."

Anargul akaugeuza ule mkate mapajani.

"Nilimtuma shangazi yako," baba akasema. "Nilikuwa naogopa."

"Ungeniuliza, ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza."

Hapo wote wawili walicheka, si sana, kama watu wanaojaribu barafu kwa mguu. Sakhidad alitoka shimoni, akanyoosha mkono hewani, na Anargul akaushika akamketisha kando yake. Akamkatia mkate. Baba alikula, udongo unamkauka miguuni.

"Uliyajua lini, haya ya macho?" akamwuliza. Kwa mara ya kwanza aliyataja macho yake.

"Siku uliyomsalimia mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Wa jirani. Ulimwuliza watoto wake hawajambo."

Sakhidad alifikiri kidogo. "Alikuwa na watoto," akasema.

Wakakaa hapo hadi mafundi walipoanza kushuka. Kabla hawajafika, Anargul alimweleza habari ya shule ya ukunga, kwamba anataka kuomba upya. Alimweleza yote, kwamba aliitwa, na kwamba alikataa. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Alimwuliza kwa nini hakumwambia wakati ule. Anargul akamjibu kwamba katika nyumba yao kusema mambo hakukuwa desturi. Baba akakubali kwamba hilo ni kweli, na kwamba inawezekana yeye ndiye aliyeianza desturi hiyo.

Harusi ilifanyika viazi vikiwa vimekwisha kufukiwa mashimoni kwa ajili ya baridi. Ilikuwa harusi ya watu wazima, chai na wali na kondoo mmoja, bila ngoma kubwa. Chaman, aliyeona kwamba sasa ruhusa imerudi, alisimama akamwombea bwana harusi maisha marefu na chemchemi isiyozibwa, na Anargul mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Sabira aliingia katika nyumba ile na sanduku moja la bati. Kesho yake akasogeza tanuri, akasema lilikaa vibaya kwa upepo. Anargul alinuna kwa siku kadhaa kwa ajili ya tanuri. Mikate ya Sabira ilikuwa minene, haikauki vizuri katikati, na hilo waligombana waziwazi, kwa sauti, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa haijalisikia kwa miaka.

Sabira ndiye aliyemburura Sakhidad hadi Kabul kwa daktari wa macho. Aliposikia kwamba hajawahi kwenda hata mara moja, kwa kuogopa kwamba akishaandikwa kipofu atapoteza kazi, alimwita jina moja la Jaghori ambalo Anargul hakulielewa na ambalo Sakhidad alikataa kulitafsiri. Waliondoka kwa gari la asubuhi kabla theluji haijaufunga mlima. Njia ile watu waliiogopa nyakati hizo kwa ajili ya wenye bunduki, na Anargul hakupata usingizi wa maana hadi waliporudi. Daktari alisema jicho la kushoto limepita, hakuna la kufanya. La kulia lilikuwa na utando, akautoa. Sakhidad alirudi na kitambaa usoni, na siku kilipofunguliwa, nyuma ya miwani minene kama chini ya gilasi, alikaa juu ya paa la nyumba yake akaitazama Gholghola kwa muda mrefu.

"Ni ndogo," akasema. "Nilikuwa nimeikuza."

Kisha akageuka akamtazama mke wake, ambaye alikuwa hajamwona sawasawa. Sabira akaendelea kukunja nguo, lakini masikio yalimwiva. Sakhidad hakusema alichokiona. Anargul akakumbuka kwamba ana kazi chini, akawaachia paa.

Injinia hakumrudisha jukwaani. Alimfanya msimamizi wa udongo na matofali, akampa vijana wa kuwafundisha, na yeye mwenyewe akakiri kwamba jicho moja linatosha kwa udongo, kazi kubwa ni ya miguu. Majira ya baridi yalipita. Theluji ilipoanza kuyeyuka na mifereji ikajaa, jina la Anargul likatoka tena kwenye shule ya ukunga, safari hii katika majina ya mwisho, karibu aachwe.

Siku ya kuanza alitoka nyumbani na baba yake. Sabira alimpachika mkate wake mnene ndani ya begi, akamwambia ale mwenyewe, asiwape wenzake halafu wakamsema. Walitembea pamoja hadi barabara inapogawanyika. Mbele yao mtu alikuwa akija na punda, bado yuko mbali.

"Kumbe Chaman huyo," Sakhidad akasema, haraka, kabla binti yake hajafungua mdomo.

"Namwona, Baba," Anargul akasema.

Akamuaga baba yake, akashika njia ya mjini.